Mizani ya Kupimia Kazi ya Plagini

Sifa ikitolewa mahali pasipostahili huiharibu kazi kuliko lawama, kwa kuwa aliyelaumiwa pasi na haki aweza kujitetea, lakini aliyesifiwa pasi na haki hana sababu ya kujirekebisha, na wale waliokuwa wakimtazama huichukua kasoro yake wakaifanya kipimo. Hayo niliyashuhudia hivi karibuni katika semina ya watumiaji wa QGIS, ambako kompyuta ya kijana mmoja, nisiyemtaja wala nisiye na ugomvi naye, iliwekwa mbele ya hadhira na kutukuzwa kuwa ni kielelezo cha usakinishaji uliotimia, kwa hoja moja tu, kwamba ilikuwa imejaa plagini. Safu za aikoni zilikuwa zimelikalia dirisha juu na ubavuni hata ramani ikabaki na nafasi ndogo katikati. Programu ilikawia kufunguka mpaka mkufunzi akaujaza muda ule kwa mazungumzo. Ilipofunguka ikatoa maonyo mawili ya rangi ya manjano, naye akayafunga bila ya kuyasoma. Na makofi yakapigwa. Kabla ya chakula cha mchana orodha ya plagini zile ilikuwa imekwisha kunakiliwa na watu wa halmashauri kadhaa, ambao sasa wanakwenda kuzijaza kompyuta zao vivyo hivyo, wakiamini kuwa wamejifunza ufundi. Hilo ndilo lililonitia kalamu mkononi.

Nawaandikia watu ambao folda ya wasifu wanaijua ilipo, na ambao kisanduku cha plagini za majaribio wamekwisha kukitia alama na kuiondoa mara nyingi; wengine mwongozo wa QGIS wenyewe utawafaa kuliko mimi. Na neno langu la kwanza kwao ni kwamba kubofya kitufe cha kusakinisha hakumfanyi mtu kuwa fundi. Kazi hiyo ni ya sekunde chache, na mashine huimaliza peke yake: huvuta faili la ZIP kutoka ghala la plugins.qgis.org, hulifumua ndani ya python/plugins, huisoma metadata.txt, huita classFactory, na aikoni ikatokea. Ufundi uko kabla ya kubofya na baada yake, katika kuchagua na katika kupanga mipangilio, na hapo ndipo stadi na mbabaishaji wanapoachana.

Stadi husakinisha chache. Wasifu mmoja haufai kuzidi plagini kumi za kuongezwa, na wasifu wa kazi ya viwanja haufai kuzidi sita. Aikoni zake zisivuke safu mbili, na zisishuke ubavuni kabisa. Kila plagini ya Python huendeshwa ndani ya QGIS yenyewe, kwa mamlaka yaleyale aliyo nayo mtumiaji, pasi na ukuta wowote baina yake na mafaili ya ofisi, hivyo kila inayoongezwa ni msimbo wa mtu mwingine uliopewa ruhusa ya kusoma, kuandika na kufuta. Mwenye kazi za namna nyingi hana udhuru, kwa kuwa tangu toleo la 3.0, lililotoka Februari 2018, QGIS inamruhusu fundi kuunda wasifu mbalimbali, kila mmoja na plagini zake na mipangilio yake: huu wa picha za droni, huu wa viwanja, huu wa kuchora ramani za kuchapishwa. Kompyuta ya ofisi ambayo ina ule wasifu mmoja tu uliokuja na programu, mimi huhesabu kuwa bado haijasakinishwa.

Kasoro ya kuchagua inayoniudhi kuliko zote ni kuleta plagini kwa kazi ambayo programu inaifanya yenyewe. Wako watu ambao hata leo wanasaka plagini ya kuweka picha za satelaiti chini ya ramani zao, ilhali QGIS inayafungua matabaka ya XYZ tangu toleo la 2.18 la mwaka 2016; wako wanaotafuta plagini ya kuzipachika mahali pake ramani kuukuu zilizoskaniwa, ilhali Georeferencer imo ndani ya menyu ya matabaka. Na hasara yake huenda mbali kuliko uzito wa programu. Plagini ya OpenLayers, iliyopendwa mno katika enzi za toleo la 1 na la 2, ilikuwa ikiuhamishia mradi katika mfumo wa EPSG:3857 ilipoleta picha yake, nao ni mfumo unaozidisha ukubwa wa vitu, na kuuzidisha zaidi kadiri mtu anavyoiacha ikweta. Dar es Salaam, iliyo karibu nyuzi 7 kusini, tabaka lililohifadhiwa katika mfumo huo na kupimwa bapa huonyesha eneo lililozidi kwa kadiri ya asilimia 2, na shamba la ekari 100 likaandikwa ekari 102 pasi na mtu kuongeza hata shubiri moja ya ardhi. Mwenye kuipenda picha nzuri chini ya ramani hakuyajua hayo, wala hakuna aliyemwambia.

Baada ya kuchagua jina, stadi husoma. Huitazama metadata.txt, aone toleo la chini kabisa la QGIS linalotakiwa, aone iwapo plagini ni ya majaribio, aone anwani ya msimbo na mahali pa kupokelea malalamiko. Kisha huyasoma malalamiko yenyewe, maana mtunzi anayewajibu wanaolalamika kwa insafu na heshima ataitunza kazi yake, na aliyenyamaza amekwisha kuiacha. Plagini isiyoeleza ni nini kilichobadilika baina ya toleo na toleo haifai kusakinishwa, hata ikisifiwa namna gani. Aikoni yenye herufi ndani yake ni dalili ya mtunzi asiye na makini. Jina refu kupita maneno matatu ni dalili ya plagini isiyojua kazi yake.

Lakini metadata.txt ni maandishi, na maandishi hughushiwa. Mwaka 2018, QGIS ilipohama kutoka Python 2 kwenda Python 3 na kutoka Qt4 kwenda Qt5, plagini nyingi zilikufa mpaka zilipoandikwa upya, na ayari wakapata msimu wao. Mmoja wao alikuwa akizunguka katika ofisi za mkoa akiuza plagini alizodai kuwa amezihuisha, naye hakuwa amehuisha chochote: alilifungua lile faili, akaubadilisha mstari wa qgisMinimumVersion usomeke 3.0, akaifunga tena ZIP, akatoza ada yake. Plagini ilionekana katika orodha, kwa kuwa orodha huamini kilichoandikwa. Ilipowashwa ikaanguka katika print ya kwanza isiyo na mabano, jina lake likawa jekundu. Naye akamwambia mteja kuwa kompyuta yake ni dhaifu na haistahimili. Yuko karani aliyenunua kompyuta mpya kwa sababu ya neno hilo.

Sasa nafikia jambo ambalo mwanagenzi halitazami abadan, na ambalo kwangu linatosha peke yake kuhukumia plagini na fundi aliyeileta, nalo ni jinsi plagini inavyoondoka. Watu wakiletewa plagini huitazama inavyoingia: aikoni yake inapendeza, dirisha lake ni jepesi, matokeo yanatoka upesi, basi wameridhika. Mimi huiwasha, nikaitumia kidogo, kisha, nikiwa sijaifunga programu, nikaiondoa alama katika kisanduku chake, nikatulia na kutazama kimebaki nini. Mpangaji hujulikana siku ya kuhama.

Katika msimbo wa kila plagini pana sehemu mbili zinazokabiliana: initGui, ambamo mtunzi huweka aikoni, vipengee vya menyu, vidirisha na miunganisho ya ishara, na unload, ambamo yampasa kuviondoa vyote hivyo kimoja baada ya kimoja. Sehemu ya kwanza huandikwa kwa furaha, maana mtunzi ana shauku ya kuiona kazi yake ikitokea juu ya kioo. Ya pili huandikwa kwa uchovu, aghalabu hunakiliwa kutoka katika kiolezo, kisha husahauliwa kila kitu kipya kinapoongezwa katika ile ya kwanza. Wala hakuna mteja anayeiulizia, wala hakuna picha ya kuionyesha semina. Kwa hiyo humo ndimo tabia ya mtunzi inamosomeka bila ya pazia. Sijapata kuona plagini yenye unload safi ambayo hesabu zake ndani zilikuwa chafu, na mara nyingi nimeona kinyume chake kikithibitika.

Tazama kwanza upau wa zana. Aikoni iliyobaki ni ila ya dhahiri, na hata mwanagenzi ataiona akionyeshwa. Jicho la stadi huutafuta upau mtupu, kile kipande chembamba cha kijivu ambacho aikoni zimekihama nacho kimebaki, kikila nafasi hadi programu ifungwe. Fungua menyu ya Plugins, uone kama limesalia jina lisilofungua kitu. Fungua Processing Toolbox, uone kama kundi la algorithimu zake bado limo, maana yule aliyelisajili alipaswa kulifuta katika usajili, na akisahau, atakayeibofya mojawapo anaweza kuizimisha programu nzima pamoja na kazi ambayo haijahifadhiwa. Kisha chukua chombo cha kuchagua, uchague kiwanja chochote. Fungua tabaka kwa kuhariri, uongeze nukta, uifute. Iwapo ishara ziliachwa zimeunganishwa, hapo ndipo litakapokurukia kosa la Python, likitoka katika kitu ambacho wewe umekwisha kukizima na ambacho orodha inasema hakipo.

Rudisha alama, iondoe, irudishe tena. Hesabu aikoni. Plagini mbovu itakuwa na mbili sasa, na ukirudia, tatu. Afadhali hiyo ya aikoni tatu, kwa kuwa inaonekana. Ya hatari ni ile yenye aikoni moja na masikio matatu, ambayo kila jambo linapotokea katika ramani hulitenda mara tatu, nawe huna habari.

Mwanagenzi hujitetea kwa kusema kuwa yeye haondoi plagini aliyokwisha kuipenda, basi kuondoka kwake kunamhusu nini? Hajui kwamba anaiondoa kila inaposasishwa. Toleo jipya likiletwa, meneja wa plagini huizima ile ya zamani, akaibadilisha folda yake, akaiwasha mpya, yote hayo programu ikiwa wazi na kazi ikiendelea. Na ikiwa unload haikufanya kazi yake, ya zamani na mpya huishi pamoja ndani ya dirisha moja, kila moja ikiamini kuwa ni yenyewe peke yake.

Katika ofisi moja ya upimaji, ambayo kwa heshima siitaji, walikuwa na plagini iliyokipa kila kiwanja kipya namba yake kwa kufuata mfululizo uliohifadhiwa katika mipangilio. Siku moja katikati ya asubuhi mtu akabofya kusasisha, ikasasishwa, kazi ikaendelea. Jioni viwanja vilivyochorwa kuanzia saa ile vilikuwa na namba shufwa tupu. Za witiri zilikuwa zimetoweka, kwa maana kila kiwanja kilipochorwa ile ya zamani ilichukua namba na kuiandika, na mpya ikachukua inayofuata na kuiandika juu yake. Fundi wao akaitwa, akaifunga programu, akaifungua, akachora kiwanja kimoja cha majaribio, namba ikaja sawasawa, akapokea nauli na ahsante, akaondoka. Siku ya sasisho lililofuata akaitwa tena, akafanya vivyo hivyo. Mtu huyo alikuwa akiitwa bingwa katika ofisi ile, na bila shaka bado anaitwa, ilhali hajaifungua unload hata mara moja, na wananchi wa mtaa ule wana barua za viwanja zenye namba zinazorukaruka ambazo siku moja zitazua mgogoro.

Kufunga na kufungua ndiyo ghiliba kuu ya fani hii, kwa kuwa kuifunga programu hufagia kila kitu kilichokuwa katika kumbukumbu, aliyeacha uchafu na asiyeacha wakaonekana sawa. Fundi anayekuambia ufunge ufungue, muulize kwa nini. Akijibu kwamba ndivyo programu hizi zilivyo, mshukuru na utafute mwingine.

Na uko uchafu mbaya kuliko huo, ambao kufunga hakuufagii. Plagini inaweza kubadilisha mipangilio ya QGIS yenyewe, na mfano wake mashuhuri ni zile zinazohitaji kuunda matabaka ya muda, ambazo, ili mtumiaji asisumbuliwe na swali la mfumo wa majira-nukta kila mara, huibadilisha kanuni ya jumla isemayo tabaka lisilo na mfumo litendewe nini, kwa nia ya kuirudisha baadaye. Kisha kosa likitokea katikati ya kazi, ule mstari wa kurudisha haufikiwi, na kanuni ikabaki imebadilika kwa miezi. Kwa nchi zetu balaa hilo si dogo. Ramani nyingi za zamani za Tanzania na Kenya zimejengwa juu ya Arc 1960, na vifaa vya leo vya GPS vinatoa WGS 84; tofauti baina ya mifumo hiyo miwili katika pwani yetu ni karibu mita 300 kwa upande wa kaskazini na kusini. Tabaka la EPSG:21037 lililopoteza maelezo yake, likaingia kimyakimya katika mradi wa EPSG:32737 kwa kuwa swali halikuulizwa, litaihamisha shule ikaangukia mtaa wa pili, na kwa kuwa umbo lake ni sahihi na vipimo vyake vinalingana, mtu asiyeyajua majengo yale hatang'amua.

Bibi mmoja wa Tanga, aliyeianza kazi ya ramani kwa kalamu na wino kabla ya kompyuta kufika katika ofisi yake, na ambaye mikono yake ilikuwa na utulivu nisiouona tena kwa vijana, ndiye aliyenionyesha namna ya kuukamata uchafu wa aina hii. Vijana walikuwa wakimjia na plagini zao, wakiwa na hamu ya kumwonyesha zinavyofanya kazi, naye huwaambia, "Mwanangu, usinionyeshe inavyoingia, nionyeshe inavyotoka." Kisha hulinakili faili la QGIS3.ini kutoka katika wasifu, akaiacha plagini isakinishwe, itumike, izimwe na kuondolewa, akalinakili tena lile faili, akayaweka mafaili mawili ubavu kwa ubavu na kuyasoma mstari kwa mstari kwa miwani yake, kidole kikishuka polepole juu ya kioo. Mistari yenye jina la plagini yenyewe aliisamehe, maana haimdhuru mtu. Mstari wa programu uliobadilika na haukurudi, huo hakuusamehe: plagini ile haikuingia tena katika ofisi yake, hata mkubwa wake akiitaka. Alipostaafu hapakuwa na kompyuta hata moja katika chumba chake iliyochukua muda kufunguka, na aliyemrithi, naambiwa, alianza kwa kusakinisha plagini ishirini.

Kipimo hicho cha kuondoka hakiishii katika programu, hufika mpaka kwenye ramani zilizozaliwa humo. Mradi uliotengenezwa kwa msaada wa plagini yafaa ufunguke kwa mtu asiye nayo. Stadi, kabla ya kukabidhi, huiwasha QGIS kwa amri ya --noplugins, akaifungua miradi yote ya ofisi mmoja mmoja. Iwapo lipo tabaka la aina ya plagini, halitafunguka. Iwapo lebo zinategemea kazi ya hesabu iliyosajiliwa na plagini, lebo zitapotea. Iwapo modeli ya Processing inaita algorithimu ya plagini, haitafanya kazi. Kila kitu cha namna hiyo kinapoonekana, ama kibadilishwe kwa zana za programu yenyewe, ama kiandikwe waziwazi kuwa mradi huu hauendi bila ya plagini fulani, toleo fulani. Nimepokea ramani nzuri za mafuriko kutoka kwa washauri wenye sifa kubwa, ambazo zilipofunguliwa katika kompyuta ya manispaa zilikuwa weupe mtupu wenye fremu na skeli.

Haya mengine nayapitia upesi. Nywila za PostGIS zisiandikwe katika muunganisho wa kawaida, kwa kuwa huenda zikahifadhiwa wazi ndani ya faili la mradi na kusafiri pamoja na ramani kwenda kwa kila anayetumiwa. Ziwekwe katika hifadhi ya uthibitisho, iliyosimbwa chini ya nywila kuu, na plagini isiyoweza kuitumia hifadhi hiyo isipewe nywila. Ofisi yenye kompyuta zaidi ya tatu iwe na ghala lake dogo la plugins.xml katika seva ya ndani, ili wote wapate toleo moja, na sasisho lisiingie mpaka limepimwa. Sasisho lisifanywe Ijumaa. Kidirisha cha ujumbe wa kumbukumbu kiwe wazi wakati wote wa kupima, na onyo lisomwe kabla ya kufungwa.

Gary Sherman aliianza programu hii mwaka 2002, na mwanzoni plagini ziliandikwa kwa C++, na aliyeandika plagini alikuwa mtu aliyejua kuijenga programu nzima. Python ilipoingia katika toleo la 0.9, mwaka 2007, mlango ukafunguliwa kwa wengi, jambo la kheri ambalo lilikuja na gharama yake. Hata hivyo katika miaka ile ya mwanzo, plagini ilikuwa kitu adimu kwetu, kwa sababu intaneti ilikuwa ghali na ya kusuasua, na ZIP moja ilisafiri kwa flashi kutoka Mwenge kwenda Morogoro, ikafumuliwa kwa mkono ndani ya folda yake, na mtu aliifumua akayaona mafaili yaliyomo, akayafungua, akayasoma hata kama hakuyaelewa yote. Nilikuwa nikiwaona vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi walioingia katika mradi wa kuchora ramani wa Ramani Huria mwaka 2015, wakirudi jioni na matope miguuni kutoka katika kata zinazofurika, wakikaa watatu juu ya kompyuta moja kubishana juu ya plagini moja, iingizwe au isiingizwe. Ubishi ule ulikuwa mafunzo makubwa kuliko semina. Agosti 2018 mkutano wa FOSS4G, wa watu wa programu huria za ramani, ulipofanyika Dar es Salaam, watunzi waliokuwa majina tu katika metadata.txt walikuwa wakinywa chai pamoja nasi, na mtu aliweza kumwuliza mtunzi mwenyewe kwa nini plagini yake inaacha upau mtupu. Leo plagini hupatikana kwa kidole kimoja, na hakuna anayeifumua.

Kazi ikiisha, stadi huacha karatasi. Humo huandika jina la kila plagini na toleo lake, ilikotolewa, siku iliyosakinishwa na wasifu iliomo, mipangilio aliyoibadilisha, ilivyokuwa na ilivyo sasa, miradi inayoitegemea, maktaba za Python zilizoongezwa nje ya plagini na namna zilivyoongezwa, kwa kuwa hizo hazitoki pamoja nayo, na hatua za kuiondoa, zimeandikwa kwa mpangilio ambao karani asiyejua Python anaweza kuzifuata. Karatasi hiyo huwekwa ndani ya folda ya wasifu, kando ya folda ya python, ili atakayeuhamishia wasifu katika kompyuta nyingine aichukue nayo pasi na kukumbushwa, na nakala yake ya pili hupigwa chapa, ikatiwa katika jalada la ofisi pamoja na risiti ya malipo.